Jina Nililolikata Gatumba

Hadija mwanangu,

Salamu nakupa kwanza, maana nikianza na yaliyo moyoni nitaisahau. Assalaam alaikum. Umekwenda Kinama na mama yako kuwaaga shangazi zako, na mi nimefunga kibanda changu cha biashara mapema ili niandike kabla hamjarudi. Habari za sweta, za maji ya kunywa ndani ya basi, za kutomwachia mtu begi pale mpakani Kobero, utaambiwa na mama yako mpaka masikio yachoke. Humo mi simo.

Nina hasira, Hadija. Nimekuwa nayo tangu Alhamisi, na sitaki upande basi kesho ukidhani ilikuwa hasira ya mzee asiyependa mtoto wake aondoke.

Alhamisi ulinijia na kompyuta mkononi, unacheka. Ile kampuni ya Dar es Salaam inayotengeneza tovuti za hospitali ilikuwa imekupa mtihani: mgonjwa anaandika jina lake kwenye fomu ya tovuti, wewe uandike programu ya kulisafisha na kulifupisha ili lienee kwenye kadi yake. Ulikuwa umeshautuma. Walikuwa wameshakujibu kwamba umefaulu, umepata kazi, na programu yako itawekwa kwenye tovuti yao vilevile ilivyo. Ukanionyesha. Mistari mitatu. Wa kwanza unaondoa nafasi zilizo mwanzoni na mwishoni mwa jina. Wa pili unafuta kila kisichokuwa herufi kati ya a na z. Wa tatu unakata kinachozidi herufi ishirini, na kile kinachobaki ndicho kinachohifadhiwa.

Nikakuuliza, na mtu mwenye jina linalozidi hapo? Ukasema, "Papa, ni jina tu. Watu watazoea."

Nikapiga meza. Chai ikamwagika, na nikakuita neno ambalo sijakuita tangu uzaliwe. Mama yako akanitoa nje ya nyumba yangu mwenyewe kama anavyotolewa mlevi, na alifanya vizuri. Tangu siku hiyo mimi na wewe tunasalimiana kama wapangaji wawili wanaogombania bomba. Naona unavyonitazama. Unajiuliza mzee ana nini, mistari mitatu tu ndiyo imemtia wazimu?

Ndiyo. Yangu pia ilikuwa mitatu.

Unajua kwamba zamani nilifanya kazi ya kutengeneza tovuti kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na kwamba kazi iliisha ghafla mwaka ule mto Rusizi ulipofurika ukaingia Gatumba. Ulikuwa bado uko sekondari. Nilikwambia patron, mkubwa wangu wa kazi, amepunguza watu. Ulikuwa uongo. Mama yako anajua ukweli, lakini nilimkataza asiuseme, na miaka yote hii ametii jambo ambalo hakulipenda. Leo nausema mwenyewe.

Nianze Kigoma, maana ndiko nilikokatwa kwanza mimi. Nilikuwa na miaka tisa tulipokimbilia huko. Jina langu, Ntahomvukiye, lilimshinda mwalimu. Alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Alilitazama kwenye daftari la mahudhurio, akajaribu kulitamka mara mbili, darasa likacheka, akachukua kalamu akapiga mstari baada ya herufi ya tano. Akasema nitakuwa Ntaho. Hakujua Kirundi. Ntaho kwa Kirundi maana yake hakuna mahali. Kwa miaka minne niliitwa Hakuna Mahali kila asubuhi, na kila asubuhi niliitika. Babu yako alipoiona ripoti yangu ya shule aliichana vipande, kisha akanizaba kofi mimi niliyekatwa, akaniambia mtu anayeitikia nusu ya jina lake atapewa nusu ya kila kitu.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo atakuwa mwangalifu na majina ya watu. Aliyepigwa hajifunzi kuacha kupiga. Mara nyingi anajifunza tu fimbo inashikwaje.

Ofisi yetu ilikuwa juu ya ghala la saruji. Ukiweka kikombe mezani asubuhi, mchana kimeota vumbi la kijivu. Patron wetu aliitwa Gaspard. Hakuwa shetani, na hilo ndilo linalonichoma. Alicheka na sisi, alikumbuka majina ya watoto wetu, wewe mwenyewe alikuletea biskuti mara mbili. Neno alilolipenda lilikuwa moja la Kifaransa, propre, yaani safi. Kazi iwe propre, ukurasa uwe propre, orodha iwe propre. Na mi nilipenda kumsikia akilisema juu ya kazi yangu. Katika barabara yetu nzima hapa Buyenzi, ni mimi peke yangu niliyekuwa na ofisi ya kupanda ngazi. Nilitoka kila asubuhi na shati limepigwa pasi, najua majirani wananiona.

Maji yalipoingia Gatumba, shirika moja lilitupa kazi ya kuandikisha familia zilizopoteza nyumba. Anayeandikishwa anapewa kadi, na kwa kadi hiyo anapata turubai, blanketi, na sehemu ya hema kambini, mahali pakavu. Waandikishaji walizunguka na tableti. Waliongozwa na dada mmoja, Joselyne, mtu wa kazi hasa, aliyekuwa anavua viatu na kuingia majini hadi mapajani ili afike mlangoni kwa mtu. Walichoandika kilipita kwenye tovuti niliyoitengeneza mimi. Mlango wa tovuti hiyo ulikuwa ile mistari mitatu.

Kadi zilikuwa ndogo. Gaspard akaniuliza, jina lipewe herufi ngapi? Nikahesabu kwa vidole herufi za jina langu. N, t, a, h, o, mpaka mwisho. Kumi na mbili. Nikamwambia kumi na mbili zinatosha.

Unasikia, mwanangu? Sikumuuliza mtu. Sikupitia hata orodha moja ya watu wa Gatumba kuona majina yao yana urefu gani. Lile jina lililofutwa kwa kalamu Kigoma, safari hii lilienea lote, na kwangu dunia ikaishia hapo.

Kufupisha jina ili lienee kwenye kadi si kosa. Kadi ni ndogo, kila mtu anaiona. Kosa ni mahali nilipokatia. Nilikata mlangoni, kabla jina halijahifadhiwa, kwa hiyo jina zima halikuwekwa popote. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma akaliona. Na kabla ya kukata nilisafisha, maana hata sisi wenye kazi hii tuna lugha yetu ya jeuri. Tunaita kusafisha, kana kwamba mtu ametuletea uchafu. Nikafuta vistari, nikafuta alama zote, nikafuta na herufi za Kifaransa zenye mkwaju juu. Désiré akawa Dsir. Nilipoliona hilo la Désiré nilicheka. Nilimwita mwenzangu aje aone, tukacheka wawili.

Mstari wa tatu ulikuwa wa kukamata watu wanaojiandikisha mara mbili. Majina yakifanana, na mwaka wa kuzaliwa ukifanana, na mtaa ukifanana, programu inamfuta wa pili na kuandika pembeni kwamba ameshapokea.

Gatumba palikuwa na wanawake wawili, majirani, umri mmoja. Mmoja anaitwa Espérance Ndayikengurukiye. Mwingine anaitwa Espérance Ndayikengurutse. Majina yote mawili yanamshukuru Imana, yaani Mungu. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Ukikata kwenye herufi ya kumi na mbili, yote mawili yanakuwa Ndayikenguru, na nilichobakiza mimi ni mtu mmoja. Yule aliyeandikishwa kwanza akapata kadi. Huyu wa pili, ambaye jina lake linaishia na tse, akafutwa.

Programu ilifuta watu kumi na tisa kwa njia hiyo. Gaspard aliwaita wageni wa lile shirika, akawaonyesha orodha ukutani kwa projekta. Akasema, hii ndiyo liste propre, mashine imetukamatia wezi kumi na tisa. Tukapiga makofi. Mi pia nilipiga makofi, Hadija. Mikono hii.

Siku ya kugawa turubai Espérance alipanga foleni tangu asubuhi. Alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, anavuka nazo mpaka hadi Uvira na kurudi na mafuta ya mawese, mtu anayejulikana pale Gatumba na watu wote. Alipofika mbele, mlinzi akasoma kwenye tableti, akamwambia ameshapokea. Akasema apana, hajapokea kitu. Mlinzi akasoma tena, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. Watu wakaanza kumzomea. Kuna waliosema arudishe la kwanza kabla hajataka la pili. Alitolewa kwenye foleni kwa kushikwa mkono, na watu waliomjua miaka yote wakageuza uso.

Siku iliyofuata Joselyne alinipigia simu. Aliniambia, "Yasini, kuko mama moja huku analia, wanamuita mwizi. Mi namujua, si mwizi. Angalia."

Nikaangalia. Haikunichukua muda wa kumaliza chai. Niliyaona majina mawili kwenye karatasi ambayo Joselyne aliyaandika kwa mkono baada ya kuwauliza wenyewe, akanitumia picha yake, nikaona kwangu ni jina moja, nikaelewa kila kitu papo hapo. Nikaenda kwa Gaspard nikamwambia programu imekosea, na huenda wengi kati ya wale kumi na tisa si wezi.

Akafunga mlango. Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Akaniambia kwa upole, "We Yasini, ripoti imeshaenda. Mi nikawaambie nini sasa? Huyo mama angoje awamu ya pili."

Nikarudi kwenye kiti changu.

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Si kwenye ile mistari. Mistari niliikosea kwa upumbavu, na upumbavu unasameheka. Lakini kumrudisha Espérance kwenye orodha ilikuwa kazi ya kubofya mara mbili. Niliweza kuifanya nikiwa nimekaa. Ningefanya, Gaspard angeona kesho yake, pengine angenifukuza, na nisingepanda tena zile ngazi. Kwa hiyo sikubofya. Joselyne akapiga tena jioni, nikamwambia tunaangalia. Akapiga siku ya tatu, nikamwambia tunaangalia. Neno hilo nililisema kila alipopiga. Mpaka leo mtu akiniambia "tunaangalia", hata fundi wa friji, natamani kumtia makofi, na hilo hata mama yako sikumwambia.

Espérance alirudi kwenye nyumba yake yenye maji, na watoto wawili na mama yake mzazi, kikongwe asiyeweza kutembea. Aliinua kitanda juu ya matofali, wakalala wote wanne hapo, maji yanapita chini. Nyumba ilikuwa ya tofali mbichi. Tofali mbichi likilowa muda mrefu linarudi kuwa tope, hilo hata mtoto wa hapa anajua. Nami nilijua.

Joselyne alipopiga siku ya saba sikuwahi kulisema lile neno. Alisema, "Acha kuangalia. Ukuta umeanguka." Kisha akasema bibi amekufa, na watoto ni wazima, na akakata simu.

Sikwenda siku hiyo. Nakwambia yote, na hilo pia nakwambia. Nilikwenda kesho yake, kwa baiskeli ya jirani, mpaka pale barabara ilipozama, nikavua viatu nikatembea. Walikuwa wamekaa kwa jirani penye mwinuko, kwenye mabenchi ya kuazima, wameshazika. Nilimtambua kabla sijaonyeshwa, maana ndiye peke yake aliyekuwa halii. Nikapiga magoti kwenye tope mbele yake, nikamwambia mi ndiye niliyetengeneza ile mashine, kwamba ililikata jina lake likawa moja na la jirani yake, na kwamba yeye si mwizi, na kwamba nilijua tangu siku ya pili. Kaka yake akainuka. Espérance akamshika shati bila kumtazama, akamrudisha kwenye benchi. Nilitamani asingemshika.

Akaniuliza, "Ulikata wapi?"

Sikuelewa. Akasema tena, jina langu ulilikata wapi. Nikatoa karatasi, nikaandika Ndayikengurutse, nikapiga mstari baada ya u. Akatazama zile herufi zilizobaki upande wa pili wa mstari. Akaziwekea kidole moja moja.

"Tatu," akasema.

Nikamwambia ndiyo mama, tatu.

Akasema, "Jina hili nilipewa na yule tuliyemuzika jana."

Nikaanza kumpa pole. Akanikatiza. "Pole yako sina pa kuiweka. Wengine wako wapi?"

Wengine walikuwa kumi na wanane, na mi sikuwajua, kwa sababu nilikuwa nimekata kabla ya kuhifadhi. Kwenye mashine kulikuwa na vipande tu. Dsir. Ntakarutiman. Huwezi kumwita mtu kwa kipande akaitika, labda awe mtoto wa miaka tisa aliye ugenini.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi za lile shirika, na miguu ina tope hadi magotini. Mama mmoja pale alinisikiliza, akaandika yote, hakunifariji wala hakunitukana. Gaspard alinifukuza kwa simu kabla sijafika nyumbani. Kisha mimi na Joselyne tukachukua madaftari mawili tukaingia Gatumba mlango kwa mlango, na kambini hema kwa hema, kuwatafuta wale kumi na wanane. Tulimaliza wiki tatu. Tulimwambia kila mtu alitaje jina lake taratibu, tukaliandika lote, tukamsomea, akasema ndilo au silo. Katika watu wote wale tulimpata mmoja tu aliyejiandikisha mara mbili kweli, mzee aliyedhani foleni ya pili ni ya blanketi.

Walipata kadi zao. Espérance naye alipata hema, wakiwa watu watatu badala ya wanne. Lakini hakuna aliyesimama mbele ya ile foleni kusema kwa sauti ile ile ya mlinzi kwamba huyu mama hakuwa mwizi. Nililiomba hilo, nikaambiwa litaleta maneno. Nilipaswa kwenda kulisema mwenyewe. Sikwenda. Hilo nalo ni langu.

Espérance nilimwona mara moja tena, sokoni, na ndoo yake ya ndagala kichwani. Alinitazama kama unavyotazama shimo la barabarani unalolijua, akapita pembeni. Hakunisamehe, na sioni kwa nini anisamehe. Gaspard amejenga Kibenga, ghorofa, madirisha yanatazama ziwa. Mwaka jana tulikutana harusini. Alinikumbatia akaniita ndugu yangu, na mi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimkumbatia na kutabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilirudi nyumbani nikajilaza bila kula. Unakumbuka ule usiku mlidhani naumwa. Niliumwa hasira.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo napata shida ya kuandika.

Alhamisi uliponionyesha mistari yako niliitambua. Si kwamba inafanana na yangu. Ni yangu. Ulikuwa na miaka kumi na tatu ulipoanza kuniuliza kazi yangu ni nini, nikakukalisha kwenye meza hii, nikakufundisha: safisha, kata, hifadhi. Ulikuwa unaikariri unapoosha vyombo. Nilijivuna nawe, nikamwambia kila mtu. Kisha yakaja ya Gatumba, na mi nikajua nimekufundisha vibaya, na kukusahihisha ilikuwa lazima nikwambie sababu, na sababu ilikuwa Espérance. Nikanyamaza. Miaka yote hii ulipokuwa unakaa pale na kompyuta yako, ukizidi kuwa hodari, nilikuwa napita nyuma ya kiti chako na naona, na najiambia nitamwambia Ijumaa, nitamwambia baada ya mtihani, nitamwambia baada ya Idi. Tunaangalia.

Kwa hiyo neno lile nililokuita Alhamisi halikuwa lako. Nilikuwa namwona mtu mwingine amekaa kwenye kiti chako. Nisamehe. Hata hivyo wewe nawe ulikosea, na kwa kuwa nakuheshimu sitajifanya hukukosea. "Ni jina tu" si neno nililokufundisha mimi, hilo ulilitoa mwenyewe. Sisi watu wa nchi hii tunawapa watoto majina marefu kama sentensi, na kuna wazazi ambao sentensi hiyo ndiyo yote waliyokuwa nayo ya kumpa mtoto. Unakwenda kufanya kazi ya hospitali. Watu wawili wakiwa mmoja kwenye mashine ya hospitali, sitaki kukueleza nini kinaweza kutokea kwenye dawa na kwenye damu, una akili ya kutosha kuogopa mwenyewe.

Hifadhi jina kama mwenyewe alivyolileta. Lote, na vistari vyake na mikwaju yake. Ukitaka kulifupisha kwa ajili ya kadi, fupisha kwenye kadi, siku unayoichapa, na lile zima libaki mahali pake. Hilo ndilo somo lote la kazi, unaweza kulifanya kabla chai haijapoa. Lililobaki si la kompyuta. Siku utakapoona umemkosea mtu, na utaona, hakuna anayefanya kazi hii akaepuka, utakuwa na saa chache tu ambazo ni rahisi kusema. Kila siku inayopita inaongeza aibu, na mwisho unakuwa unailinda aibu badala ya kumlinda mtu. Nimekaa humo siku saba, halafu nikakaa miaka. Najua panavyonuka.

Programu yako wataiweka kwenye tovuti Jumatatu, uliniambia hivyo. Utaripoti kazini siku hiyo hiyo. Basi kabla hawajakuonyesha kiti chako, mwambie mkubwa wako kwamba kazi uliyowatumia ina kosa, na kwamba unajua kosa lenyewe ni lipi. Watashangaa, mgeni anaanza kazi kwa kujishtaki. Anaweza kuwapo Gaspard wao, mtu mpole, atakayefunga mlango na kukwambia tungoje kwanza. Mtazame vizuri huyo. Usirudi kwenye kiti.

Wanaweza kukufukuza siku ya kwanza. Mama yako atalia, shangazi zako watasema, na pale Kinama wanakokuaga leo kwa vigelegele watakuuliza umerudi kwa nini. Rudi tu. Nipigie ukiwa njiani, nitakuja mwenyewe kukupokea, nitakubebea begi hadi nyumbani mchana kweupe ili kila mtu aone, na nitakuwa na furaha kuliko nitakayokuwa nayo kesho nikikusindikiza.

Papa yako